Nguvu za Mikono Bila Vyuma

Nilipostaafu, wenzangu wa idara ya mazoezi ya viungo walinipa blanketi nzito na saa ya ukutani. Blanketi naitumia kila siku, Njoro hakuna mchezo na baridi. Saa sijui walifikiria nini, kumpa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Wakati wa kukata keki, Chebet, binti aliyerithi meza yangu, aliniuliza: "Mzee, ni kitu gani ulijifunza hapa ambacho hakiko kwa vitabu?" Nilikuwa nimejaza mdomo, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nitaandika. Basi haya ndiyo hayo, Chebet, na wenzako wasome pia kama watapata nafasi kati ya simu moja na nyingine.

Kwa asiyeijua kazi yetu, sisi ndio tunaorudishia watu nguvu baada ya ajali au ugonjwa. Wagonjwa wanatuita daktari. Madaktari wanatuita watu wa masaji. Mimi upande wangu ulikuwa mikono, mabega na kifua, kwa sababu nilipofika upande wa magoti ulikuwa umeshachukuliwa na watu wakubwa.

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ile ya Nakuru niliingia na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Chumba cha mazoezi kilikuwa na baiskeli ya kukaa yenye pedali moja, na kabati la vyuma vya kuinua ambalo ufunguo wake ulikuwa na mtu aliyehamishwa. Nilimwambia mkubwa wangu, Madam Auma, kwamba bila vyuma siwezi kuanza kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye viganja vipana. Alinionyesha mgonjwa aliyekuwa amekaa kwa benchi, seremala wa mtaa wa Rhonda aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunja mkono, na sasa mkono umepona lakini hauna nguvu ya kusukuma randa.

"Huyu," akasema Madam, "nyumbani kwake kuna nini?"

Nikamwambia sijui, nimemwona saa hii tu.

"Basi bado hujamwona. Muulize."

Hilo swali nimelibeba kazi yangu yote. Mgonjwa anakuja kwako nusu saa kwa wiki. Siku zingine zote yuko kwake, na huko ndiko mkono unapata nguvu au unakosa. Seremala aliniambia ana chumba kimoja, kitanda, stuli, jiko na pazia. Madam akasema hiyo ni jim kamili, tena haina foleni.

Akanifundisha pale pale, na mimi nikamfundisha seremala. Simama mbele ya ukuta, viganja usawa wa kifua, miguu nyuma hatua moja. Mwili unyooke kama mti wa ufagio, matako yasibaki nyuma kama yanamngoja mtu. Kunja viwiko polepole, kifua kikaribie ukuta, kisha sukuma huku unatoa pumzi. Ukuta ukiwa rahisi, shuka kwenye meza. Meza ikiwa rahisi, shuka kwenye ukingo wa kitanda, halafu sakafu ukiwa umepiga magoti, halafu sakafu yenyewe. "Mwili wako ndio chuma," Madam alikuwa akisema. "Ukitaka uzito zaidi, inama zaidi."

Seremala alirudi wiki iliyofuata na mkono bora kidogo na sura ya mtu aliyetoka kwa chifu. "Daktari, umenikosanisha na jirani." Ukuta wake ulikuwa wa mabati, na upande wa pili wa mabati hayo kulikuwa na kitanda cha mzee mmoja mlinzi anayelala mchana. Kila seremala akisukuma, mabati yanaitikia. Mlinzi alidhani ni dharau, akawa anagonga naye. Wakasukumana ukuta siku mbili bila kusemezana. Nilienda Rhonda mwenyewe, nikawapatanisha, tukahamisha mazoezi kwenye ukingo wa kitanda. Mlinzi alibaki kutazama, akauliza kama hiyo dawa inaweza kusaidia bega lake la kushoto. Nikaondoka nikiwa na wagonjwa wawili.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia nyumba za watu. Nilitaka kujua kila mtu anafanya nini na mikono yake kutwa nzima. Kuna jambo lilinisumbua miaka mingi: akina mama wa huku kwetu. Unamkuta mama amebeba mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anapanda mlima akiongea na simu. Ukimlaza sakafuni umwambie ajisukume juu kwa mikono, hatoki. Nilidhani ni aibu. Kumbe mzigo ule unabebwa na mgongo, shingo na miguu, mikono inashikilia tu. Kukamua ng'ombe kunampa vidole vya chuma. Kuchota na kuvuta kunampa mgongo. Lakini kusukuma, wapi? Nilihesabu kazi za nyumbani moja moja kichwani, nikapata mbili za maana: kufua kwa mikono na kukanda unga wa chapati.

Kinyume chake kilikuwa vijana wa chuo hapa Njoro. Mmoja alikuja amekaza mabega mpaka yamesogea karibu na masikio.

"Niaje doc. Mabega zimekataa."

"Unafanya nini?"

"Press-up tu. Kila siku, room yangu."

"Na kuvuta?"

"Kuvuta nini?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kusukuma kila siku bila kuvuta kunafunga kifua na kuchosha bega. Nilimwambia alale chini ya meza imara, ashike ukingo, mwili unyooke, ajivute kifua kikaribie mbao. Meza ikiwa ya kuyumba, achukue shuka, apige fundo upande mmoja, arushe fundo juu ya mlango hadi upande wa pili, aufunge kwa ufunguo, kisha ashike shuka na kujivuta akiwa ameegemea nyuma. Mlango uwe ule unaofungika kuelekea kwako. Hilo la mwisho msilisahau, mimi ndiye niliyewahi kumwona mtu akienda na mlango. Yule kijana alifuata, mabega yakashuka mahali pake, na swali lake la mwisho lilikuwa, "Na chest haitapungua, doc?" Nikamwambia haitapungua, itafunguka.

Sasa nije kwa Mama Nyambura, kwa sababu kila nikiulizwa nilijifunza nini, yeye ndiye anakuja kwanza.

Mama Nyambura alikuwa mjane kutoka Bahati, nje kidogo ya Nakuru, amepita sitini, mama wa ng'ombe watatu na maneno mengi. Alianguka kwenye ngazi akichuma avokado, akaumia mgongo chini karibu na kiuno. Miguu ikanyamaza. Daktari wa upasuaji alimwambia ukweli: mikono na kiwiliwili chako ni sawa, miguu tusiitegemee. Jioni mama akaniita akaniuliza, "Sasa hii mikono inaweza kufanya kazi ya miguu?" Nikamwambia inaweza, lakini haipendi kuambiwa ghafla.

Tulianza kitandani. Nilimletea matofali mawili yaliyofungwa vitambaa, moja kila upande wa kiuno, kwa sababu godoro linameza viganja. Anasukuma chini, viwiko vinanyooka, mabega yanashuka, matako yanainuka. Zoezi hilo linajenga nyuma ya mikono, na tena linaokoa ngozi isipate vidonda vya kukaa. Mwanzoni aliinuka kiasi cha kupitisha karatasi. Alipotoka hospitalini alikuwa anahama kutoka kitandani mpaka kiti cha magurudumu, mimi nimesimama karibu kwa heshima tu.

Alirudi kliniki baada ya wiki kadhaa. Nikamwambia ajiinue. Mikono ikatetemeka, akarudi chini. Alikuwa amenenepa, amevaa vizuri, kichwa kimesukwa, na amekuwa dhaifu kuliko siku aliyotoka. Sikuelewa. Nilimpima misuli, nikauliza chakula, dawa, usingizi. Kila kitu sawa. Mazoezi je? "Yanafanywa kila siku, daktari. Hatujakosa hata moja."

Jioni hiyo nikapigiwa simu na mwanawe, Mwangi, anayefanya kazi Mombasa. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, na alisema hivyo. Asubuhi moja mama alikuwa ameteleza kutoka kitandani akakaa sakafuni hadi watu walipofika. "Daktari, silali. Nikifika Desemba, kama anaweza kujitoa kitandani peke yake, nitamwacha kwake. Kama hawezi, nakuja na gari nimchukue. Nyumba yangu iko ghorofa ya tatu lakini tutapanga." Aliporudi kliniki, nilimuuliza mama mwenyewe anaonaje. Akaangalia nje ya dirisha. "Kule nitaangalia bahari kupitia dirisha mpaka nife. Na ng'ombe wangu watakuwa wa nani?" Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Kwa hiyo nikaenda Bahati kuona nyumbani kwake kuna nini.

Kulikuwa na akina mama wa kanisa, nyumba imejaa. Kiongozi wao alikuwa Mama Kuria, mwanamke mrefu, mchangamfu, anayekukaribisha kwa sauti ya mtu anayeita mkutano. Walikuwa wamepanga zamu tangu siku mama alipotoka hospitalini. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa. Maharagwe yalikuwa yamepaliliwa. Maji yamejaa, nguo zimeanikwa, sakafu ya simiti inang'aa kwa nta nyekundu. Mama Nyambura alikuwa kwenye kiti na kikombe cha chai ambacho mtu mwingine alikuwa amemshikia. Nikaomba kuona mazoezi.

"Haya mama, tuonyeshe daktari," akasema Mama Kuria.

Mama Nyambura akaweka mikono, akajiinua mara moja kwa shida. Wote wakasema asante Yesu. Mara ya pili akakunja uso.

"Amechoka," akasema Mama Kuria, na akaketi kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kando, akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua yeye. Juu, chini, juu, chini, kwa bidii, kilemba kinacheza. Mwingine alikuwa ameenda ukutani, anasukuma.

Niliuliza wanafanya nini.

"Tunamalizia," akasema Mama Kuria, bila kusimama. "Ulisema yafanyike kila siku yaishe. Yeye akichoka, tunamalizia. Haiwezi kubaki nusu."

Nikaketi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikujua kipi kianze. Hawakuwa wajinga, msije mkafikiria hivyo. Huku kwetu mtu akiugua, kazi yake inagawanywa. Huyu anachukua mistari ya viazi, yule ng'ombe, mwingine maji. Na mimi nilikuwa nimemrudisha mama nyumbani na kazi moja mpya, mazoezi, nayo ikaingia kwenye zamu pamoja na zingine. Mama Kuria alikuwa na mabega mazuri sana. Nimeona wanajeshi wastaafu ambao hawana mabega kama yale.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Pale Bahati tulikuwa tumefika mahali ambapo mgonjwa haulizwi chochote. Walimwinua kitandani kwa shuka, wakamgeuza, wakamlisha, wakamvalisha soksi. Mikono yake haikuwa na sababu ya kuamka.

Nikawaeleza polepole. Nguvu ya mkono haichangiwi. Ukijiinua wewe, bega lako ndilo linaota nyama, la jirani linalala. Kila mkimbeba, mnamwibia zoezi. Mama Kuria aliumia, na alisema kwa nini.

"Kwa hivyo unataka tusimame hapa tumwangalie akihangaika, na sisi tuna mikono? Watu watasema tumemwacha."

Mama Nyambura ndiye aliyejibu, akiangalia kikombe chake. "Mama Kuria, mkinibeba tena, Mwangi atanibeba mpaka Mombasa."

Nadhani akina mama walikuwa wanajua Mwangi anakuja, lakini hakuna aliyekuwa ameunganisha hayo mawili.

Basi tukaanza upya, na hapa ndipo nilipojifunza mimi. Nilikuwa nimekuja na mawazo ya kuwaondoa, nikaona kuwa kuwaondoa akina mama wa kanisa pale Bahati ni kazi ya serikali, tena itashindwa. Nikauliza tena, nyumbani kwake kuna nini? Kuna watu wengi wanaotaka kusaidia. Tukawapa kazi. Kila anayeingia anamsalimia mama kwa viganja vyote viwili, kiganja kwa kiganja, na mama anamsukuma huku mgeni anakataa kidogo. Wageni Bahati hawaishi, kwa hiyo zoezi halikuisha. Wimbo ukiimbwa, mama anajiinua kwenye kiitikio, ubeti anapumzika. Waliimba polepole mwanzoni kwa kumhurumia. Nilisikia baadaye Mama Kuria aligundua ukiimba haraka kiitikio kinakuja upesi, akawa mwalimu mkali kuliko mimi.

Na chapati. Kila mkutano wa kikundi Mama Nyambura ndiye anakanda unga, wote, kwenye meza fupi mbele ya kiti, uzito wa mabega ukishuka kwenye viganja. Mwanzoni zilitoka ngumu, na akina mama walizila bila kulalamika, jambo ambalo naliweka katika orodha ya mapendo makubwa niliyowahi kuona. Kwa kuvuta, tulifunga shuka kwenye chuma cha miguuni mwa kitanda, akawa anajivuta kuketi bila mtu. Akazoea kuhama kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Kisha akataka kitu ambacho sikuwa nimepanga.

"Hicho kigoda changu cha kukamulia. Nifundishe nipande kutoka hapo."

"Kwa nini huko chini?"

"Kwa sababu huko ndiko nilianguka ile asubuhi."

Tuliweka kigoda karibu na kitanda, na tukafanya kazi hiyo wiki nyingi. Kutoka kigodani kwenda kitandani ni mlima. Mkono mmoja juu ya godoro, mwingine kwenye kigoda, kichwa kinaenda chini upande mmoja ili kiuno kiinuke upande wa pili. Siku zingine alifika, siku zingine alikaa pale akinitukana kwa Kikuyu, lugha ambayo alidhani siijui. Kutoka sakafuni kabisa hadi kigodani tulijaribu mara chache na hakuwahi kufaulu.

Desemba ikafika. Nilialikwa, nikaenda mapema. Mwangi alikuja na gari la mizigo la kukodi lenye godoro nyuma, na mikanda ya kumfungia mama asiyumbe njiani. Alikuwa kijana mpole, amechoka, na alikuwa amepanga kila kitu. Alisimama mlangoni mwa chumba. Mama alikuwa kitandani, kiti kando. Akina mama wa kanisa walijipanga ukutani, na nikawaomba jambo moja tu: mikono nyuma, lolote litakalotokea.

Mama alijivuta akaketi. Akaweka miguu yake sawa kwa mikono, mmoja mmoja. Akashika kiti, akajisukuma, akainuka vizuri, nikaanza kutabasamu. Kiti kikateleza. Breki ilikuwa imefungwa, lakini akina mama walikuwa wamepaka sakafu nta mpya kumkaribisha Mwangi, nta nene, na magurudumu yalienda pamoja na breki yake. Mama akashuka kati ya kitanda na kiti, akakaa sakafuni kwa kishindo.

Mwangi akapiga hatua. Ukutani nikasikia mtu akivuta pumzi, na nikaona mabega ya Mama Kuria yakisonga.

"Simameni hapo," akasema Mama Nyambura. "Wote. Mwangi, na wewe."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema simama. Sijaumia."

Nilimtazama na kweli hakuwa ameumia. Nilitaka kumwinua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini. Nikaweka mikono yangu pia nyuma.

Akajiburuta kwa viganja hadi kwenye kigoda, kilichokuwa bado kando ya kitanda. Akakipa mgongo, akakunja miguu yake mbele kwa mikono, akaweka viganja juu ya kigoda nyuma yake. Akasukuma. Akarudi chini. Akapumzika, akaangalia dari, akasukuma tena, akarudi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mtu mmoja ukutani akaanza ule wimbo, chini kwa chini, na wengine wakaingia. Ulipofika kwenye kiitikio, mama akasukuma na viwiko vikanyooka, mabega yakashuka mahali pake, na akakaa kwenye kigoda. Akatulia hapo. Kisha mkono mmoja juu ya godoro, kichwa chini, na akapanda kitandani. Mimi nilikuwa nalia waziwazi kama mtu wa harusi.

Mwangi alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hiyo umejifunza lini?"

"Hapa," akasema, akipangusa uso kwa shuka. "Na hawa."

Mwangi akatoka nje. Tukasikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa, kisha godoro likiburutwa kwenye nyasi.

Mama Kuria alikuwa bado ukutani, macho mekundu, mikono nyuma. "Mama Nyambura," akauliza, "tunaweza kutoa mikono sasa?"

"Toeni," akasema. "Mkamsalimie Mwangi. Amekuja kunitembelea."